Jogoo wa Flai

Baba mkwe wangu alifanya kazi ya kukataa maziwa maisha yake yote. Alikuwa mkaguzi katika kituo cha kupokea maziwa nje kidogo ya Kitale. Mkulima anafika alfajiri na mkebe wake, yeye anachovya kipimo, anatazama, ananusa, kisha anatikisa kichwa. Wanaomkumbuka husema hakuwahi kupokea hongo, na hakuwahi kusema pole. Alipostaafu, maziwa yaliisha lakini kukataa hakukuisha. Akabaki na mimi.

Lazima niseme kwamba nilianza mimi. Siku tulipokwenda kwao kuomba mke, wazee wangu wa Bokoli wakiwa wamekaa upande mmoja na wazee wao upande wa pili, kila upande ukichungulia viatu vya mwenzake, mtu mmoja alitaka kulainisha mazungumzo akasema mwenye nyumba ni mvuvi hodari. Akaonyesha ukutani fimbo ndefu nyembamba na mikebe mitatu ya bati kwenye rafu. Ndani ya mikebe hiyo mlikuwa na ndoano ndogo zilizofungwa manyoya na nyuzi ili zifanane na wadudu. Waingereza huziita nzi. Sisi tuliosoma tunaziita flai. Basi mimi, kijana aliyetoka chuo kikuu juzi na bado akiamini kwamba akili ni kitu cha kuonyeshwa mbele ya wageni, nikasema, "Kwetu samaki tunamdanganya kwa mnyoo. Kumdanganya kwa manyoya ya kuku ni kumdharau kuku na samaki pia."

Wazee wangu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Wazee wao walicheka pia. Yeye hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama mkebe uliotiwa maji.

Binti alinipa, kwa sababu binti mwenyewe alikuwa amekwisha kuamua. Lakini tangu siku hiyo hakula chakula chetu. Kwenye arusi alikaa meza ya mbele akakunja mikono. Katika miaka yote ya ndoa yetu amekuja kwetu Bungoma mara tatu, na mara zote tatu alikaa ndani ya gari chini ya mparachichi akanywa chai ya chupa aliyotoka nayo kwake. Mke wangu alikuwa akipeleka sahani hadi dirishani mwa gari, anasimama hapo kidogo, anarudi nayo. "Anasema tumbo lake halina amani na chakula cha njiani," aliniambia. Njiani! Kwetu si njiani. Kwetu ndiko mwisho wa njia. Ukipita hapo utaanguka kwenye mahindi ya jirani.

Basi nilimchukia, kwa utaratibu na bila haraka, kama mtu anayelipa bima. Na yeye alinichukia vivyo hivyo. Tungeendelea hivyo kwa raha mpaka mmoja wetu amzike mwenzake, kama si mambo mawili. La kwanza, tulimaliza kujenga nyumba mpya pale pale kwetu karibu na Mabanga, mbele ya ule mparachichi, nyumba ambayo mke wangu alichagua kila kitu chake kwa mkono wake, tangu vigae mpaka kitasa cha choo. La pili, macho ya baba yake yalianza kuharibika.

Daktari wa Eldoret alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuzima. La kulia lilikuwa likifunga kutoka pembeni kuelekea katikati, hivi kwamba mzee aliuona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Tulipokuwa tukirudi Bungoma baada ya kumfikisha mzee kwake Kitale, tukiwa tumepita Webuye, mke wangu akasema, "Nataka aione nyumba yangu. Sitaki aambiwe habari zake. Nataka aione, na ale mezani kwangu, kabla bomba halijafunga."

Nikasema, "Mwite."

"Nimemwita. Anasema atazungumza na wewe."

Jumamosi nikaenda Kitale. Nilimkuta sebuleni akiwa na fimbo yake ya kuvulia magotini, anajaribu kuingiza uzi kwenye tundu la ndoano isiyozidi punje ya wimbi. Alikosa. Akalamba uzi, akakosa tena. Nilikaa nikihesabu, na nakiri kwamba nilifurahi. Alipokosa mara ya nane, furaha ikanitoka, sijui ilikwenda wapi. Nikaichukua ndoano mkononi mwake nikapitisha uzi.

"Nani amekuuriza?" alisema.

Hapa nieleze jambo moja, kwa maana lina matokeo. Watu wa kwao hutamka l kama r. Watu wa kwetu huzichanganya zote mbili, l na r, kama mahindi na maharagwe. Kila upande unaamini kwamba ni upande ule mwingine usiojua kusema, na kila upande una hadithi zake za kuthibitisha. Mimi, kwa kuwa nimesoma, niliamini kwamba nimepona.

"Mke wako anataka nije kwenu nikure," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Usiniite Baba, mwarimu. Nitakuja. Lakini siku utashika traut, na uwe umemshika na frai umechagua wewe mwenyewe. Si mimi nikuonyeshe. Wewe. Kwa mdomo wako uriosema ni upuzi."

Traut ni samaki wa mito baridi ya mlimani, na hakamatwi kirahisi. Kumbe mzee alikuwa ameyatunza yale maneno, miaka yote hiyo, kama mtu anayetunza risiti.

"Na nisipomshika?"

"Basi nitakunywa chai kwa gari."

Ndivyo masomo yalivyoanza. Kila Jumamosi niliondoka Bungoma asubuhi, na mke wangu alinifungia mkate kama mtoto anayekwenda mtihani. Mzee alifungua mikebe yake mezani na kuniuliza maswali. Alikuwa amejifunza kila kitu katika kitabu kimoja kikuukuu kilichoachwa na mwenye shamba wa zamani, chenye picha za wadudu wa mito ya mbali ambako theluji huanguka. Alikikariri chote. Hakuona ajabu kwamba wadudu wale hawajawahi kufika Mlima Elgon.

"Huyu ni wa nani?" aliuliza, akainua ndoano yenye manyoya mekundu na meupe, kubwa kama kidole gumba.

"Wa traut?"

"Wa besi! Besi, samaki wa bwawani. Besi ni mrevi, anataka vita. Mpigie kelere na rangi, atakuja kukuuma. Traut si hivyo. Traut ni mtu wa kusoma gazeti kabla ya chai. Anaangaria. Kwake unapereka kitu kidogo, cheusi, kama mdudu wa chini ya jiwe. Ukimpa hii, atahama mto."

"Na ngege?"

"Ngege anakura majani. Mpe kijani kidogo, na subira, kama unayo. Huna."

"Na kambare?" niliuliza, kwa sababu kambare ndiye samaki wa utoto wangu, tuliyemvua kwa minyoo kwenye madimbwi ya Mto Nzoia tukitoka shuleni.

Alifunga mkebe. "Kambare hachaguriwi frai. Kambare ni mdomo tu. Sabuni, kinyesi, kidore cha mtu, anameza. Hata wadudu wenye mabawa anameza, bira kuuriza." Akanitazama kwa kile kijitundu cha jicho. "Kambare ni watu wa kwenu."

Alikuwa akimaanisha kumbikumbi. Kwetu tunawaita chiswa, na mvua ya kwanza ikinyesha tunawavuna kichuguuni, tunawakaanga na kuwatia chumvi, na hakuna mtu wa Bungoma ataniambia kwamba karanga zinawashinda. Kwake hilo lilikuwa ushahidi wa mwisho juu yetu.

"Na ninyi ni samaki gani, Mzee?"

"Sisi ndio wavuvi," alisema.

Mara mbili alinipeleka mtoni, kwenye kijito kinachoshuka kutoka msitu wa Elgon, na mara mbili nilirudi na mafua. Nilichagua ndoano ndogo nyeusi, nikarusha, nikanasa mti. Nilichagua ndogo ya kahawia, nikarusha, nikanasa kofia yake. Traut walikuja karibu, wakasoma gazeti, wakaenda zao. Mzee alikaa juu ya jiwe akisikiliza, na kila uzi ulipopiga maji alitoa sauti ndogo puani. Kumbe mtu anaweza kutukana kwa pua peke yake.

Baada ya mara ya pili alisema, "Hujui kuchagua kwa sababu hujui kufunga. Niretee jogoo wa frai. Kahawia ya kung'aa, shingo ndefu. Kwenu kuku ndio kitu mnajua."

Hili lilikuwa jambo la kweli. Manyoya ya shingo ya jogoo ndiyo yanayozungushwa kwenye ndoano ili mdudu awe na miguu, na jogoo wa vibanda vya kisasa hana shingo ya maana. Mama yangu huko Bokoli alikuwa na jogoo ambaye shingo yake ilimetameta kama shaba iliyosuguliwa. Nikampigia simu jioni hiyo hiyo.

"Mayi, yule jogoo mwekundu bado yupo?"

"Yupo. Ndiye saa yangu."

"Namhitaji. Ni wa baba mkwe wangu. Anataka jogoo wa flai."

Nikamsikia akiweka sufuria chini.

"Wa flai?" mama alisema polepole.

"Wa flai."

"Ni yeye mwenyewe ameitisha? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, Mayi."

"Mungu ni mzuli," alisema, na sauti yake ikabadilika kabisa. "Kuja Jumamosi asubuhi. Utapata yuko tayali."

Nilielewa kwamba tayari maana yake amefungwa miguu, yumo kapuni.

Jumamosi nilifika Bokoli saa mbili. Jogoo hakuwika. Mama alitoka jikoni amevaa nguo ya kanisani, amebeba hotipoti kubwa iliyofungwa kwa leso mbili, akanikabidhi kwa mikono yote miwili. Ilikuwa ya moto. Harufu ya vitunguu ikanifikia kabla ya maana.

"Nimemfulai mzima mzima," alisema. "Nimeweka na filigisi yake juu, aone kwamba tunamheshimu. Miaka yote hiyo nilikuwa najua. Nilikuwa nasema, siku moja huyo mzee ataitisha kuku wangu."

Basi nikaliona lile neno lilivyosafiri. Mzee alisema frai, akimaanisha nzi. Mimi nikasema flai, nikimaanisha vivyo hivyo. Mama akasikia flai, na kwake kukaanga ni kufulai. Lilipita midomo mitatu bila kujikwaa na kufika likiwa kitu kingine kabisa, limechemka kwa mafuta. Na yule mmoja katikati aliyekuwa na shahada ya lugha hakusikia chochote.

Ningemwambia? Nilimtazama mama yangu aliyevaa nguo ya kanisani siku ya Jumamosi, na sikuweza. Nikasema, "Asante, Mayi. Atafurahi." Kisha nikasema nataka kuitazama migomba.

"Tangu lini unajali migomba?"

"Nimekumbuka tu."

Kila mtu kwetu anajua manyoya ya kuku hutupwa migombani. Nilipiga magoti hapo, mimi mwalimu, mtu mzima mwenye wanafunzi, nikafukua kwenye matope na maganda ya viazi nikitafuta shingo ya jogoo. Manyoya mengi yalikuwa yameungua kwa maji ya moto. Nikapata matatu manne ya yale ya rangi ya shaba, nikayatia mfukoni yakinuka. Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba akinitazama. Nadhani alifikiri ni mambo ya watu waliosoma.

Nilipofika Kitale, nikaiweka hotipoti mezani. Mke wangu alikuwa ametangulia tangu jana yake kumsaidia baba yake kufua. Mzee alifungua kifuniko, mvuke ukampanda usoni, akarudi nyuma.

"Hii ni nini?"

"Jogoo wa flai."

"Nirisema frai!"

"Ndiyo. Na mama yangu amefulai."

"Frai! Frai! Ya samaki!"

"Si ndiyo hiyo nimesema? Flai!"

"Wewe hujui kusema!"

"Mimi? Ni mimi sijui kusema?"

Mke wangu alitoka nje akishika ukuta. Tulimsikia akicheka huko uani mpaka akaanza kukohoa. Mzee na mimi tulibaki tumesimama huku na huku ya jogoo. Nilimwona akiinama kidogo, akanusa, mara moja, kwa mazoea ya kazi. Kisha akatikisa kichwa.

"Funika," alisema.

Tulimla mimi na mke wangu, mbele yake, mpaka mfupa wa mwisho. Firigisi nilikula mimi, huku nikimtazama.

Yale manyoya niliyaosha kwa sabuni ya unga nikayaanika, na wiki hiyo nikafunga flai yangu ya kwanza, kwa uzi wa cherehani wa mke wangu. Nilitaka kufunga mdudu mdogo wa kwenye kitabu. Vidole vyangu vilifunga kitu kinene, cha kahawia, chenye tumbo, mabawa yakitoka kila upande kama mtu anayekimbia nyuki. Nilimpelekea. Alikipapasa kwa muda mrefu.

"Mende," alisema hatimaye. "Mende amekufa akienda arusi. Usiweke hii kwa mkebe wangu, itaambukiza wengine."

Nikaiweka kwenye mfuko wa shati.

Mara ya tatu kwenda mtoni ilikuwa mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza. Wiki hiyo mzee alikuwa ameanguka ngazini kwake. Hakuvunjika, ila tulipofika mtoni alishika bega langu kushuka ukingoni, jambo ambalo hangelifanya hata kwa bunduki, na alipokaa juu ya jiwe lake akasema, "Hii ndiyo ya mwisho. Mguu hauoni tena." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anayenionya kwamba lango linafungwa na mimi bado niko nje.

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilifungua mkebe wake. Nikachagua ile ndogo nyeusi, kama kitabu kinavyosema. Samaki mmoja alipanda, akatazama, akashuka. Nikachagua ya kijivu. Akapanda tena, nadhani ni yule yule, akashuka tena. Nilihisi nimesimama kituo cha maziwa na mkebe wangu. Nilimfikiria mke wangu nyumbani. Asubuhi ile, kabla sijaondoka, alikuwa amepiga pasi kitambaa cha meza.

Nikaweka fimbo chini nioshe mikono. Ndipo nikaona mabawa.

Yalikuwa yakielea kwenye maji tulivu kando ya jiwe, mabawa membamba ya kuona ndani, mamia, kama yale mama anayoyafagia mlangoni asubuhi baada ya mvua ya kwanza. Nikainua macho. Juu ya ukingo, kwenye kichuguu, chiswa wawili watatu waliochelewa walikuwa bado wakitoka, wanaruka vibaya kama walevi, wanaanguka majini. Na hapo walipoanguka, maji yalifunguka, yakameza, yakafunga.

Sikufikiri. Nilitoa mende kutoka mfukoni.

"Unafunga nini?" mzee aliuliza. Alisikia mkasi.

"Nimechagua."

"Nimeuriza nini."

"Na mimi nimejibu."

Nilirusha. Siwezi kusema ilikuwa ya kupendeza. Flai ilianguka kama kiatu kilichotupwa dirishani. Mzee akatoa ile sauti ya puani. Hakuimaliza. Uzi ulikazika, fimbo ikapinda, nikapiga kelele ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kupiga, nikaingia majini mpaka kiunoni na viatu vyangu vya kazini. Kumtoa samaki yule kulinichukua muda kuliko kuandika tasnifu, na kwa adabu chache zaidi. Alikuwa wa kiganja na nusu, mgongo wa madoadoa, hasira tupu.

"Rete," mzee alisema.

Nilimpa. Akampapasa kuanzia mdomo hadi mkia, akaigusa ndoano iliyokuwa bado midomoni, akayagusa yale mabawa yaliyolowa. Aliitambua mara moja. Kisha akatoa kisu. Ndivyo walivyo wavuvi wa aina yake: samaki wa kwanza hupasuliwa tumbo, ili aseme alikuwa akila nini. Nilijua pia kwamba alikuwa akitafuta mnyoo. Alimpasua, akamimina vilivyomo kwenye kiganja, akakileta kiganja karibu kabisa na jicho lake la kulia, akakigeuzageuza akitafuta nuru.

"Ni nini?"

"Chiswa," nilisema. "Kumbikumbi. Tumbo zima."

Akawatenganisha kwa kidole, mmoja mmoja.

"Kitabu hakina," alisema.

"Kitabu hakikuzaliwa Bokoli."

Akanawa mkono mtoni, akapangusa kisu, akasimama, akashika bega langu. Njia yote hadi garini alisema jambo moja tu. "Unarusha kama mtu anamwaga maji ya sahani."

Alikuja Jumapili iliyofuata. Gari liliegeshwa chini ya mparachichi, kama kawaida, na mke wangu alisimama kibarazani, kitambaa cha jikoni mkononi. Dakika zilipita. Kisha mlango wa gari ukafunguka. Chupa ya chai ilibaki kitini.

Mama yangu alikuwa amekuja tangu asubuhi na kuku mwingine, na bakuli la chiswa waliokaangwa, ambalo nilimwomba alifiche na yeye akaliweka katikati ya meza. Mzee alikaa. Aliweka mikono juu ya kitambaa, akakipapasa. Mama hakungoja hata sala iishe vizuri.

"Mkwe," alimwambia, "yule jogoo wangu. Ulimpenda?"

Mke wangu alisimama na sufuria hewani. Mama alikuwa akimtazama mzee kwa uso ule ule wa kwenye mlango wa jikoni, na nilijua kwamba neno moja la mkaguzi huyu lingemwaga maziwa yote chini. Mzee alinigeuzia jicho lake. Aliniweka ndani ya lile tundu, mimi peke yangu, na hakuwa na haraka. Aliona naogopa. Nadhani alifurahi.

"Arifanya kazi," alisema hatimaye. "Arikuwa na shingo nzuri sana. Sijawahi kuona shingo kama hiyo."

"Shingo!" mama alisema, kwa mshangao mkubwa. Kwetu firigisi ndiyo ya mgeni wa heshima; shingo ni ya watoto. "Basi kama ni shingo unapenda," akaitafuta kwenye sufuria, akaiweka kwenye sahani yake, juu ya firigisi. Na mzee, ambaye hajawahi kumeza kitu asichokikagua, akaila shingo ile yote, fupa kwa fupa, mama akimsimamia. Nilitazama kila tonge. Sitasema uongo.

Chiswa hakuwala. Alichukua mmoja, akamsogeza jichoni, akamrudisha bakulini. "Huyu tunajuana," alisema.

Baada ya kula aliomba mkono, si wangu, akasimama. Mke wangu alimzungusha sebuleni polepole. Alitazama ukuta kipande kwa kipande, kigae kimoja baada ya kingine, akiinama, akinyoosha shingo, kama anavyofungua mikebe yake. Alipofika dirishani akashika pazia, akalivuta karibu na jicho.

"Hii ni kijani, Baba," mke wangu alisema.

"Najua ni kijani. Naona. Nauriza, nani arichagua?"

"Ni mimi."

Aliendelea kulishika. Alilikunja, akalikunjua, akalipeleka kwenye mwanga.

"Basi ni nzuri," alisema. "Nirifikiri ni mwarimu."